Prosesa ya Mulongo

Uongo ulimtoka Nelima kwa urahisi, kama mtu anayeitikia salamu. Alikuwa amesimama mbele ya kabati la vioo katika duka la kompyuta, ghorofa ya kwanza ya jengo moja nyuma ya Barabara ya Uganda mjini Eldoret, akitazama visanduku vya prosesa vilivyopangwa safu safu kama sabuni za kuogea. Mwenye duka akamwuliza:

"Unanunulia kijana, Mama?"

"Ndio," akasema.

"Ako na miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Mwenye duka alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyeitwa Collins. Alivaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, na bisibisi alikuwa ameichomeka nyuma ya sikio. Alicheka. "Huyo namjua hata kama sijamwona. Huyo ni gemu za mpira na za kupiga risasi. Niambie bajeti, mengine niachie mimi."

Nelima akataja bajeti yake, ambayo haikuwa kubwa, huku shingo ikimchemka. Hakuwa na kijana. Hakuwa na mtoto yeyote. Alikuwa na miaka arobaini na sita, ameolewa na Kituyi karibu miaka ishirini, wanakaa Langas katika nyumba ya vyumba viwili, na mambo ya watoto walikuwa wameacha kuyazungumza zamani, bila ugomvi, jinsi watu wanavyofunga chumba wasichokitumia. Kompyuta ilikuwa yake mwenyewe.

Ilianza na mpwa wake, Janice, aliyekaa kwao akisoma chuo. Alipopata kazi Nakuru aliondoka na kuacha laptop yake kuukuu juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na gemu ya kujenga mji. Unapewa uwanja mtupu na barabara moja, kisha unaweka maji, unavuta umeme, unapima viwanja, na watu wanaanza kuhamia wenyewe, kila mmoja na nyumba yake na kazi yake. Nelima aliifungua jioni moja kwa kupita tu. Alikuwa karani katika ofisi ya malori ya kubeba nafaka, na kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuandika yale ambayo watu wengine walikuwa wameshaamua. Katika mji ule aliyeamua alikuwa yeye. Tangu siku hiyo akawa anafika nyumbani, anavua viatu, anafungua laptop kabla hata ya kuweka chai.

Mji ukakua, laptop ikashindwa. Watu walipozidi, magari yalisimama barabarani kama yamegandishwa, feni ikalia kama kinu cha posho, na shule za mji wake zikabaki na madawati matupu kwa sababu watoto hawakufika. Nelima akasoma kwenye simu, makala baada ya makala, mpaka akaelewa kwamba gemu kama hiyo shida yake si picha. Shida ni hesabu. Kila mtu wa mji yule lazima ahesabiwe ametoka wapi na anakwenda wapi, na kazi hiyo inafanywa na prosesa. Alijua anachotaka. Alitaka prosesa ya core sita, yaani yenye sehemu sita za kufanya hesabu kwa pamoja, ile yenye uwezo wa kutoa picha yenyewe, ili asilazimike kununua kadi ya picha sasa hivi. Aliingia dukani akiwa na jina lake kichwani, Ryzen 5 5600G, kama mtoto aliyetumwa dukani akikariri njiani.

Lakini Collins hakuwa akiongea na yeye. Alikuwa akiongea na kijana wa miaka kumi na sita.

"Sikiza, Mama. Kwa gemu za vijana, pesa inaenda kwa kadi. Prosesa chukua hii i3 ya Intel, ya core nne. Unaona hii herufi F? Inamaanisha haina picha ndani, kwa hivyo ni rahisi kidogo. Halafu nakutafutia kadi imetumika, lakini safi. Kijana atakubariki."

"Na ile ya core sita? Yenye picha ndani yake?"

Collins akainua macho, akashangaa kidogo. "Hiyo Ryzen? Si mbaya. Lakini kijana akicheza za risasi italemewa, atakuja kunilaumu mimi. Wewe niamini."

Vijana wawili walikuwa wamesimama nyuma ya Nelima wakingoja kuhudumiwa. Mwanamke aliyefunga kitambaa cha kanisa kichwani, mwenye mkoba wa karani kwapani, angeanza vipi kuwaeleza kwamba kila jioni anapanga mabomba ya maji ya watu wasiokuwepo? Akalipa arubuni, akashuka ngazi.

Barabarani alitembea kwa kasi bila kuwa na haraka ya kwenda popote. Alifika ofisini akaandika uzito wa lori moja kwenye mstari wa lori lingine, akafuta, akaandika tena. Jioni aliosha vyombo vilivyokuwa safi.

"Nelima, keti," Kituyi akamwambia.

"Nimeketi."

"Umesimama."

Akatazama miguu yake akaona kweli amesimama. Kituyi alikuwa msimamizi wa wapakiaji katika ghala la mahindi kule Turbo, mtu mkubwa, mpole, ambaye akifika nyumbani alitaka kukaa mahali pamoja mpaka wakati wa kulala. Habari za kompyuta alizijua na alizikubali. "Si wewe unapenda kale kamji kako," alikuwa amesema, na hilo likawa limekwisha. Kwamba dukani kulikuwa na kijana, hilo hakulijua.

Kesho yake saa ya chakula cha mchana, Nelima akapanda tena zile ngazi bila kula.

"Kijana amesema anataka ile ya core sita," akamwambia Collins.

"Amesema kwa nini?"

"Amesoma kwa simu."

"Hao!" Collins akatikisa kichwa. "Wanasoma kwa simu halafu wanakuja kutufundisha. Anaitwa nani huyu mtaalamu?"

"Mulongo."

Lilitoka tu. Mara tu lilipotoka, Nelima akashika ukingo wa kabati. Mulongo lilikuwa jina la baba yake Kituyi. Mwaka ule wa kwanza wa ndoa, walipokuwa bado wakipanga vitu kama hivyo, walikubaliana kwamba mvulana wa kwanza ataitwa hivyo. Hakuna aliyelitamka tena kwa maana hiyo. Sasa lilikuwa limetamkwa juu ya kaunta, katikati ya nyaya na feni, na Collins alikuwa akiliandika kwenye karatasi ya oda kwa kalamu ya buluu: Mulongo, Ryzen.

"Lakini mwambie Mulongo ukweli," Collins akasema akiwa bado anaandika. "Gemu za risasi atazicheza picha ikiwa ya chini kabisa. Marafiki zake watamcheka."

Hapo ndipo Nelima aliposhindwa kujielewa. Angeweza kusema, sawa, acha wamcheke. Badala yake akamwona mvulana amekaa na wenzake, mabega membamba, skrini yake inakwamakwama, wenzake wanacheka na yeye anajifanya hajali. Moyo ukamwuma.

"Basi rudisha ile ya kwanza," akasema.

Wiki hiyo yote ilikuwa hivyo. Akitoka kazini alijikuta anawatazama wavulana wa shule ya upili waliosimama nje ya maduka wakila chipsi kwenye karatasi, akijiuliza ni yupi ana urefu wa Mulongo. Akifika nyumbani na kufungua laptop, mji wake ukikwama, alikasirika, akakumbuka anachotaka yeye, na asubuhi akampigia Collins simu kumwambia abadilishe tena. Mchana akawaza habari za kadi ya picha na marafiki wa Mulongo, akapiga tena. Usingizi wake ukawa wa vipande. Chakula alikimega akakiacha. Kituyi akamwuliza kama ofisini kuna shida, akasema hakuna, kwa sauti iliyomfanya Kituyi amtazame mara ya pili.

Ijumaa Collins akachoka. "Mama, nikuambie kitu na usikasirike," akasema kwenye simu. "Kila ukibadilisha prosesa, mimi nabadilisha motherboard pia, ile bodi ya kushikilia prosesa. Ya Intel haikubali Ryzen, ya Ryzen haikubali Intel. Nimezirudisha kwa supplier mpaka ananiuliza kama niko sawa. Kesho Jumamosi shule hakuna. Mlete Mulongo mwenyewe, niongee naye kiume, tumalize."

"Sawa," akasema Nelima. Angeweza kusema nini kingine?

Alipanga kwenda asubuhi na mapema, peke yake, amwambie Collins kijana ana homa na achukue chochote kilichokuwa tayari. Lakini alipotoka bafuni alimkuta Kituyi ameshavaa viatu, amekaa karibu na mlango.

"Skrini na hiyo kesi ya kompyuta utabebaje kwa boda boda? Nakuja."

"Si uende tu kupumzika? Wiki nzima umebeba magunia."

"Sibebi, nasimamia," Kituyi akasema. "Twende kabla mvua haijaanza."

Mvua iliwakuta njiani, ile mvua baridi ya Eldoret inayokuja na upepo kutoka upande wa Kaptagat. Wakajikinga chini ya kibaraza cha benki. Nelima akaona hapo ndipo pa kusema.

"Kituyi, kuna kitu."

"Umesahau pesa?"

"La."

"Basi?"

Watu walikuwa wamebanana kila upande, mwanamke mmoja amemfunika mtoto kwa gazeti. "Tutaongea," Nelima akasema. Mvua ikapungua, Kituyi akamshika kiwiko wakavuka barabara, na kila hatua ikawa inamsogeza karibu na mahali asipotaka kufika. Kwenye ngazi alijaribu kutangulia ili amwonye Collins kwa macho, lakini miguu ya Kituyi ilikuwa mirefu, na aliyefika mlangoni kwanza alikuwa yeye.

Collins aliinuka na tabasamu kubwa. "Baba Mulongo! Hatimaye! Karibu sana. Na Mulongo mwenyewe yuko wapi, amewaachia mvua?"

Kituyi alivua kofia iliyolowa, akaikung'uta taratibu. Alikuwa mtu wa kujibu swali kama lilivyoulizwa.

"Mulongo ni baba yangu," akasema. "Tulimzika zamani, huko Kimilili."

Mteja mmoja aliyekuwa akijaribu vipaza sauti vya masikioni akavivua.

"Pole, Mzee," Collins akasema. "Mimi nilimaanisha kijana. Wa gemu. Yule wa miaka kumi na sita."

Kituyi alimgeukia mkewe. Nelima alikuwa akitazama kisanduku kimoja kwenye kabati kana kwamba kimeandikwa kitu kigumu kusoma. Akasikia pumzi ya mumewe ikiingia, ikakaa, ikatoka.

"Nitakungoja chini," Kituyi akasema.

Nelima alisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi, polepole, mpaka kelele za barabarani zikavimeza. Kisha akageuka.

"Collins, hakuna kijana. Kompyuta ni yangu. Mimi ndiye nacheza."

Collins akachomoa bisibisi sikioni, akaitazama, akairudisha. "Na Mulongo?"

"Hayuko."

"Amefariki?"

"Hajawahi kuwa."

Mteja wa vipaza sauti akaanza kupendezwa sana na ukuta. Collins alikaa kwenye stuli. Hakukasirika waziwazi, lakini hakufurahi pia. "Mama, ile kadi kuna mtu aliitaka nikamnyima. Nilimwambia ni ya mtoto wa mtu."

"Nisamehe."

"Mimi si hiyo..." Akajikuna chini ya kofia. Kisha akashika jambo alilolijua. "Unacheza nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Nelima swali hilo. Akaanza kwa aibu, neno moja moja, lakini alipofika kwenye mabomba ya maji akasahau aibu. Akamweleza jinsi mji ulivyoanzia kando ya mto, jinsi alivyokosea kuweka kiwanda karibu na shule, jinsi magari yanavyoganda watu wakizidi elfu arobaini, na jinsi alivyojua kuwa tatizo si picha bali ni hesabu. Aliongea kwa mikono. Collins akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga kaunta kwa kiganja.

"Si ungesema siku ya kwanza! Mama, gemu ya mji na hiyo i3 ungekuja kunirudishia baada ya mwezi. Wewe unataka core sita. Picha haitakuwa ya kushangaza, lakini mji utatembea. Halafu ile pesa ya kadi, nusu yake tunaweka kwa RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta. Kadi utanunua ukijipanga."

"Nilijua," Nelima akasema.

"Ulijua, na ukaniacha nikuelekeze vibaya wiki nzima?"

"Hukuwa unanielekeza mimi."

Collins akamtazama kidogo, akachukua ile karatasi ya oda yenye jina, akasita. Nelima akamwomba ampe. Akaikunja mara mbili akaitia ndani ya mkoba, na Collins akaanza kuandika nyingine. Angeiunganisha kompyuta yeye mwenyewe, akasema, Nelima arudi baada ya saa mbili.

Aliposhuka, Kituyi hakuwa mlangoni. Nelima alitazama upande huu na huu, roho juu, akifikiri labda amerudi nyumbani, au ameshika gari la Turbo, maana akikasirika alipenda kuwa karibu na magunia. Akamwona ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la pembejeo, amesimama karibu na wilbaro mpya zilizofungwa kwa mnyororo. Akavuka.

Pikipiki moja ikapita ikawarushia maji machafu, wote wawili wakarudi nyuma pamoja.

"Jina la baba," Kituyi akasema mwishowe.

"Najua."

"Hukuniuliza."

"Najua, Kituyi. Halikuwa jambo la kupanga. Aliniuliza kama nanunulia kijana, nikaona haya. Halafu akauliza jina."

"Ungesema jina lolote. Yako mengi."

"Hilo ndilo lilikuwa karibu."

Kituyi alishika mpini wa wilbaro akauachilia. Uso wake ulikuwa umefungwa, na Nelima alijiandaa kwa yale maneno ambayo miaka yote hawakuyasema. Hayakuja. Kilichokuja kilikuwa swali, kwa sauti ya chini, akiwa bado anatazama barabara.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Hasemi sana. Anapenda mpira. Lakini anabadilisha mawazo kila siku, amemsumbua Collins mpaka basi."

"Hiyo ameitoa kwako." Pembe ya mdomo wake ikacheza, ikatulia. "Na kwangu ametoa nini?"

Nelima hakulitarajia hilo. Alitafuta jibu akaona hakuwa amelifikiria, wiki nzima ile, na likamwuma kwamba hakulifikiria. Akamtazama mumewe kutoka kichwani hadi chini.

"Viatu," akasema. "Viatu vikubwa. Kila muhula lazima anunuliwe vingine."

Kituyi akaitazama miguu yake iliyolowa. Akaitazama kwa muda mrefu. Akatoa leso akafuta uso, ambao mvua ilikuwa imeulowesha zamani ukakauka.

"Usiseme tena dukani," akasema.

"Sitasema."

"Nyumbani unaweza."

Wakaingia hoteli ndogo kungoja saa zile mbili zipite. Nelima aliagiza chai na maandazi na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akamaliza alichoagiza, kisha akaagiza tena. Kituyi alimwuliza mambo mawili matatu zaidi kuhusu Mulongo: kidato cha ngapi, kama anakwenda kanisani bila kusukumwa. Mengine Nelima alijibu, mengine akasema hajui, alikuwa hajafika hapo. Walipopanda tena dukani, Collins alimkabidhi Kituyi kesi na kumbebesha Nelima skrini, akawaeleza namna ya kuunganisha nyaya akiwatazama wote wawili kwa zamu, na hakuita mtu jina lolote.

Jioni hiyo kompyuta iliwaka. Mji ulifunguka, magari yakatembea, wafanyakazi wakafika kazini, na madawati ya shule yakajaa. Feni ilisikika kwa mbali tu. Nelima alikaa mbele yake, hawezi kuamua aanzie wapi kwa kuwa sasa hakuna kinachomzuia. Alifungua barabara, akaifunga, akahamisha soko, akalirudisha. Ile hali ya kutotulia haikumwondoka mara moja. Ilichukua majuma, na siku nyingine ilirudi bila sababu, akajikuta amesimama katikati ya jikoni bila kujua alichofuata.

Kuhusu Mulongo waliongea mara chache. Wakati mwingine mwezi ulipita bila neno. Wakati mwingine Kituyi, akivua viatu mlangoni, alisema kitu kidogo, kwamba leo ghalani kulikuwa na kijana wa umri ule aliyeleta mahindi na babake, na Nelima akauliza alikuwaje, akaelezwa.

Jumapili moja mchana, baada ya kanisa, Kituyi alivuta kiti karibu akasema huo mji una kasoro kubwa: malori ya mahindi hayana mahali pa kupimwa. Nelima akamwambia katika gemu hiyo hakuna mizani ya malori. Kituyi akasema basi pawe na uwanja wa kuegesha, akashika mausi kwa mkono wake mzito, akakosea kitufe, na mtaa mzima wa nyumba ukabomoka.

"Watu wangu!" Nelima akapiga kelele.

"Watajenga upande ule," Kituyi akasema, akisogeza kiti karibu zaidi. "Nionyeshe pa kubonyeza."